Nilivyomngoja Mzee Aanze Kula

Naona haya kuandika jambo hili, lakini watu wengi waliliona. Jumamosi iliyopita niliwapeleka wadogo zangu, Chebet na Kiprono, kumwona mama hospitalini Nakuru. Lori la maziwa la shambani lingeturudisha Njoro saa saba, na watoto hawakuwa wamekula tangu alfajiri.

Nikawaingiza katika hoteli moja ndogo. Tulikaa meza moja na mzee tusiyemjua. Chai na mkate wetu vililetwa upesi, lakini mbele ya mzee hapakuwa na kitu. Kwetu mtoto hamtangulii mkubwa kula, basi nikawazuia.

"Nina njaa," Chebet akalia.

"Nyamaza. Mzee bado hajaletewa chakula."

Chai ikapoa. Mzee alitutazama, nasi tukamtazama. Nilijiona mwenye adabu kuliko wote mle ndani. Mara lori likapiga honi nje. Nikajikaza, nikamsogezea mkate.

"Mzee, tafadhali anza wewe, watoto nao wapate kula."

"Mimi nilishakula, kijana," akajibu kwa upole, na hoteli nzima ikasikia. "Nilikuwa nangoja ninyi mle kwanza, ndipo nikuombe uinuke. Umekalia koti langu."