Nani Atamshika Mtoto

Fundi cherehani yule wateja walimwita Pilipili, na hawakukosea. Ukimletea kitambaa kibovu, anakurushia. Lakini kwa mama mkwe alikutana na kiboko yake. Mume yuko kazini ng'ambo mwaka wa pili sasa, na wao wawili kawaacha nyumba moja, paka na panya.

Asubuhi hiyo shavu la bintiye mdogo lilikuwa limevimba hadi jicho likaziba. Mama mkwe aling'ang'ania kufuatana nao kwa daktari wa meno, na njia nzima alikuwa akisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Mtoto anaoza meno, wewe umeikodolea macho cherehani."

"Nikiiacha cherehani, Mama, utakula nini? Maneno?"

Alijibu hivyo huku ameshikilia mtandio tumboni. Magauni yake yote alikuwa ameyafumua na kuyapanua kiunoni, kidogo kidogo. Bibi huyu akijua, kwisha habari: ndoa, nyumba, na pengine mtoto pia.

Daktari alitaka picha ya eksirei kabla ya kuligusa jino. Kwenye chumba cha picha wakamkuta mpiga picha, mama mmoja mnene, asiyejua kunong'ona. Alipomtia mtoto kibao cha picha mdomoni, mtoto akakitema, akamng'ata kidole.

"Ala! Kaniuma! Haya, mmoja wenu amshike. Mimi nikishika kila mtoto, hiyo mionzi itanimaliza. Mama mtu, vaa aproni hii ya kukinga mionzi. Una mimba?"

"Sina," akasema Pilipili upesi.

"Una hakika? Mwenye mimba hashiki mtoto humu ndani."

Mama mkwe akacheka kwa dharau. "Mimba ya nani? Mumewe yuko mbali. Mvishe tuondoke."

Aproni ikatua mikononi mwa Pilipili, nzito kama gunia la mchanga. Aliitazama mashine, akamtazama mtoto anayelia, na mkono ukaenda tumboni wenyewe. Alimchukia mpiga picha yule na domo lake. Mama mkwe alimchukia zaidi. Lakini huyu wa tumboni kakosa nini?

"Shika wewe, Mama."

Mama mkwe akamtazama toka usoni hadi kiunoni, macho yakaganda pale. Akavaa aproni, akamshika mjukuu kichwa barabara. Picha ikapigwa mara moja tu, ikatoka safi.

Kwenye ukumbi mama mkwe alimkamata mtoto mkono, akasonya.

"Huyu ni wa mwanangu. Jino likishatibiwa, narudi naye nyumbani. Wewe na huyo wa tumboni mtafuteni baba yake."

"Mama, huyo nimemzaa mimi!"

Bibi akamvuta mtoto ndani kwa daktari, mlango ukafungwa usoni pa Pilipili. Akaugonga, hakuna aliyefungua. Ndani mtoto akaanza kulia, "Namtaka mama!"

"Mama gani?" bibi akamjibu. "Fungua mdomo."