Sindano ya Mkiani

Kwa miaka thelathini pale mjini Chengdu, Daktari Qiu Meilan amekuwa akiwatibu mbwa kwa sindano nyembamba za jadi za Kichina. Mbwa hawamsumbui, wenye mbwa ndio humtia wazimu.

Mzee Bao alimleta mbwa wake Doudou, aliyepooza miguu ya nyuma, kila Jumanne. Wiki ya sita Doudou aliingia akitembea, na Mzee Bao akaingia amepinda mgongo.

"Umepatwa na nini, mzee?"

"Kiuno. Nimejichoma sindano nyumbani palepale unapomchoma Doudou. Zote, isipokuwa ya mkiani. Mimi mkia sina."

Daktari hakucheka. "Ya mkiani ndiyo dawa. Hizo nyingine ni za kumtuliza mbwa asiume watu."

"Ndiyo maana," akasema Mzee Bao, "wiki nzima sijagombana na mke wangu."