Ornella na Gia za Kukanyaga Kinyumenyume

Mwandishi wa simulizi hii hajawahi kuangushwa na baiskeli, na alimwambia hivyo Fundi Ornella Zancan kabla hata ya kumaliza kahawa.

Saa mbili asubuhi, mjini Thiene. Ornella, mwenye miaka hamsini na tisa, anafuta grisi mikononi na kutoa nje baiskeli ya kijani ya mwaka 1948.

"Panda basi," anasema. "Ukifika pale konani kwa Gigliola muuza mboga, badili gia."

Gia ya baiskeli hii haina waya. Ina vyuma viwili virefu vinavyoshuka kutoka chini ya kiti hadi gurudumu la nyuma. Unapeleka mkono nyuma, unageuza cha kwanza, gurudumu linalegea na wewe uko juu yake. Unakanyaga pedali kinyumenyume, unageuza cha pili, cheni inahamia kwenye meno mengine. Halafu unakaza, upesi.

Mwandishi alilegeza gurudumu vizuri kabisa. Kisha akakanyaga kwenda mbele. Alijikuta ameketi kwenye makreti ya spinachi ya Mama Gigliola, ambaye alimuuliza kwa upole kama atahitaji mfuko.

"Wote huanza hivyo," anasema Ornella. "Mguu unajua kwenda mbele tu. Inabidi uufundishe upya, kama mtoto anayesimama dede."

Ufundi alifunzwa na baba yake, aliyehudumia timu ndogo ya mbio za baiskeli. Ndiye aliyemsimulia enzi za nyuma zaidi, gurudumu lilipokuwa na meno pande zote mbili: mwendeshaji akifika chini ya mlima anashuka, analifungua, analigeuza, ndipo anapanda. Wajanja walisubiri wenzao washuke, wakapita wakicheka, wakajutia mbele mlima ulipowakuta na gia nzito. Vyuma viwili vilipokuja vilionekana muujiza. Baadaye ukaja waya, na kijiti kidogo kwenye fremu kisicho na alama yoyote. Unatafuta gia kwa sikio mpaka cheni inyamaze.

"Za siku hizi unabonyeza, inaitika," anasema. "Nzuri, sikatai. Lakini hii ikikubali, unajua ni wewe uliyeikubalisha."

Kwa mwaka hupokea baiskeli zisizofika thelathini. Mpwa wake anauza za umeme mtaa wa pili na huchuma mara tatu ya shangazi. Ornella humwambia duka lake limejaa pikipiki zenye aibu.

Ile ya kijani ni ya Mzee Tullio Dal Santo, miaka themanini na mmoja, aliyestaafu kiwanda cha sufu. Jumapili hii kuna msafara wa baiskeli za kale kupanda kilima cha Lugo, na mzee anataka kwenda. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Mwanawe anataka baiskeli itundikwe sebuleni.

Uamuzi uko kwa Ornella, kwa kanuni aliyoachiwa na baba: baiskeli ya vyuma viwili haitoki dukani mpaka mwenyewe abadili gia mara tatu kwenye mwinuko wa kanisa, bila kushuka.

"Gurudumu likibaki limelegea na wewe unateremka," anasema, "halikuulizi umri."

Saa nne mzee anafika, amevaa sweta yake ya ujanani, imembana tumboni. Ornella anamkabidhi baiskeli. Kwa kuwa mwinuko unapinda na hauonekani kutoka mlangoni mwa duka, mwandishi anatumwa konani kuhesabu.

Ya kwanza, mkono ulipapasa, ukapata; miguu ikarudi nyuma, cheni ikahama. Ya pili ilichukua muda, baiskeli ikayumba hadi ukingoni mwa barabara, lakini ikakubali. Ya tatu, kwa kifupi, ilipita.

"Mara tatu, fundi," mwandishi alitangaza mlangoni.

Mama Gigliola alikuwa amemfuata nyuma, bado ameshika spinachi.

"Mbili," alisema. "Ya tatu alishuka, akakaza kwa mikono miwili, akapanda tena. Huyu kijana wako wa gazeti alikuwa anakagua viatu vyake."

Ornella alimgeukia mzee. Tullio alivua kofia.

"Nilishuka," alisema. "Nilikuwa nakuja kukwambia. Yeye sikumtuma."

Fundi aliichukua baiskeli, akalishika gurudumu la nyuma na kulitikisa. Lilikuwa limekazwa barabara. Akaiingiza ndani.

"Leo Alhamisi, mzee. Tuna kesho na keshokutwa. Nitarefusha kile chuma cha kwanza kwa upana wa vidole viwili, usikitafute mbali. Njoo kesho saa nne. Gigliola atahesabu."

Kisha akamtazama mwandishi, akamuuliza kama na hiyo hesabu yake ya mara tatu itaandikwa gazetini, au yeye fundi aipeleke kwa gazeti pinzani.