Somo la Zipu kwenye Seva ya Mzee Kipimo

Mtaani walimwita Mzee Kipimo, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa fundi redio mstaafu, mtu wa kupima kila kitu hadi chumvi mezani. Alipofiwa na mkewe, mwalimu wa ushonaji, alichukua kompyuta kuukuu, akaiweka kando ya cherehani ya marehemu, akaigeuza seva. Humo akapakia masomo yote ambayo mama huyo aliyarekodi kwa sauti yake, ili wanafunzi waendelee kumsikiliza popote walipo.

Basi kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mzee yuko mbele ya kioo cha kompyuta anaangalia data inavyotumika. Kampuni ya mtandao ilimpa kiwango cha mwezi. Kikiisha, seva inakatwa na sauti ya mama inanyamaza. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kumzika mara moja kulimtosha.

Mwezi huo matumizi yalipanda ajabu. Akachunguza: anwani moja tu ya mtandao, ya mbali, ilikuwa ikivuta faili lilelile, somo la kutia zipu, asubuhi, mchana, jioni.

"Zipu gani hii isiyoingia mpaka leo?" akafoka peke yake.

Akalisikiliza. Katikati, marehemu aliacha kufundisha, akaongea na mtu aliyeingia, akaenda kumpakulia chakula huku kinasa sauti kikiendelea. Vyombo vikalia weee, ndipo akarudi kwenye zipu. Mzee akaona huo ni uzito wa bure. Akaukata. Faili la zamani nalo akalifuta kabisa, maana hakuwa mtu wa kuweka takataka. Jamani! Hasira hasara, lakini hata uangalifu una hasara zake.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa mwanawe wa pekee, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu msibani. Kijana alichelewa mazishi, na baba, mbele za watu, akamwambia asikanyage kwake tena. Ulimi hauna mfupa.

"Shikamoo, baba. Samahani kwa usumbufu. Lile somo la zipu... kuna mahali pamekatwa."

"Marahaba. Nimekata mimi."

"Ni pale nilipoingia natoka shule. Mama ananiongelesha. Sina kitu kingine chake, baba. Nirudishie."

Mzee akakaa chini sakafuni.

"Nimelifuta, mwanangu. Halipo tena. Nisamehe."

Akamsikia mtoto wake akilia, naye machozi yakamtoka bila kuyazuia. Uchungu ulioje, kumnyamazisha mama wa mtu kwa mkono wako mwenyewe!

"Maneno ya mama yako nayakumbuka," mzee akasema mwishowe. Hayakuwa maneno mepesi kinywani mwake. "Alisema: 'Umerudi, mwanangu? Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Ingia, hapa ni kwenu.'"

Kijana akavuta pumzi.

"Hayo ni ya mama, baba, au ni yako?"

"Ni yake," akajibu mzee. "Na mimi nayasema."