Mama Alipougua Nyongo

Harufu ya tangawizi inayopondwa kwenye kinu hunirudisha uani kwetu, Msambweni, nikiwa msichana mdogo. Mama alikuwa amelala ubavu mkekani, magoti kayakunjia kifuani, ncha ya leso kaiuma kwa meno. Bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima, alikuwa akimpondea dawa huku akinung'unika.

"Umezaa watoto watano bila kupiga ukelele. Leo gesi tu ndiyo ikulize?"

Mama alikunywa kila alichopewa, akaendelea kuuma leso kwa siku kadhaa, mpaka asubuhi moja nikaona macho yake yamekuwa manjano kama bizari. Nilimwita Bibi aje aone. Alipoona, alivaa buibui kwa pupa, tukampeleka hospitali.

Daktari alisema ni mawe kwenye nyongo, na kwamba tulikuwa tumechelewa. Mama alipasuliwa siku iyo hiyo.

Mama alipoweza kukaa kitandani, Bibi alimwuliza kwa sauti ndogo, "Mawe hayo yalishinda uchungu wa kuzaa?"

"Yalishinda, mama. Uchungu wa kuzaa hukuachia kidogo ukavuta pumzi, na unajua kuna mtoto anakuja. Mawe haya hayakuniachia. Nami niliona aibu kulia mbele yako."

Bibi alichukua beseni la maji, akaanza kumwosha mama miguu, taratibu, kidole kwa kidole, kama aoshwavyo mtoto mchanga.

"Lia sasa, mwanangu," alimwambia.

Lakini aliyelia alikuwa yeye.