Paka Asiye na Cheti

Jumanne nilipanga foleni mpakani Busia nyuma ya wazee wawili, mume na mke, waliotoka Mukuju kwenda kumwona binti yao upande wa Kenya. Bibi alikuwa amekumbatia kikapu kilichofunikwa kwa leso. Mara kikapu kikalia nyau.

"Mama, mifugo haivuki bila cheti cha daktari," afisa akasema.

Mzee akagonga kaunta kwa kidole. "Afande, hii si mifugo. Mifugo sisi nakula. Hii nalala kitanda yetu."

"Sheria ni sheria, mzee. Mrudisheni nyumbani."

"Nyumbani nani nabaki na yeye?" bibi akauliza, wala hakungoja jibu. Alifunua leso, akainamisha kikapu. Paka akajinyoosha, akapita chini ya kizuizi, akaketi upande wa Kenya na kuanza kujilamba.

"Haya," bibi akasema, "sasa uliza yeye cheti."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Afisa akawagongea mihuri harakaharaka.

Zamu yangu ilipofika, nikiwa na pasi yangu halali mkononi, alinikazia macho: "Picha hii haifanani na wewe."

Tangu siku hiyo natafuta kikapu kinachonitosha.