Nilikataza Wimbo wa Kinyarwanda Kwenye Mazishi

Sitafuti wa kunihurumia. Kosa ni langu.

Mimi ni mukubwa wa korale, kwaya ya kanisa letu, hapa mutaa wa Mapendo. Kwa kabila ni Muhunde wa Masisi, vita ndivyo vilinileta Goma. Jirani yangu Mama Solange alikimbia vita hivyohivyo, kutoka mulima uleule, ila kwao wanasema Kinyarwanda. Alikuwa anaimba katika korale yangu.

Mama yake alipofariki, aliniomba kitu kimoja tu: tumuimbie marehemu wimbo wake wa Kinyarwanda mbele ya kumuzika. Wiki ile vita vilikuwa vimefika upande wa Kibati, karibu na muji, na muji muzima tulikuwa tunapimana pua, kila anayesema Kinyarwanda akionekana adui. Niliogopa midomo ya watu.

Nikamuambia, “Mama, huu si wakati wa nyimbo za wageni.”

Wageni! Marehemu alizaliwa Masisi, akalima Masisi, akazalia Masisi. Nani alinifanya mimi ofisi ya uraia? Na wimbo wenyewe niliujua wote. Ni marehemu aliyenifundisha nikiwa mutoto kule Masisi, nikinywa maziwa jikoni kwake.

Tulimuzika kimyakimya. Mama Solange hakurudi tena kwenye korale, na wengine wakamufuata.

Halafu mama yangu muzazi akafa. Wale niliowaogopa midomo yao, hakuna hata mumoja aliyekuja makaburini. Hiyo inaniudhi mpaka leo, jamani. Niliuza utu wangu kwa watu ambao hata pole hawakunipa.

Tulikuwa wachache, tumesimama tu, hakuna wa kuanzisha wimbo. Mara nikasikia sauti nyuma yangu. Mama Solange alikuwa anaimbia mama yangu, tena kwa Kihunde, maneno yote. Kwani yeye si mutoto wa Masisi?

Tulipomaliza nilimufuata kuomba musamaha. Hakugomba. Alinitazama tu, akasema, “Papa, mama yako nimemuimbia. Sasa mama yangu tumufukue?”

Kisha akaenda zake.

Wewe unayemuuliza mutu kabila mbele ya kumupa pole, ukinisoma uache hiyo tabia. Kesho utataka kurekebisha, utakuta udongo umeshafunika. Mimi wimbo ule naujua mpaka leo, mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe hanisikii.